Mwana si Malkia: Maana na Asili ya Cheo cha Mabibi wa Pwani

Katika insha zetu za ushairi wa kale kuna mazoea yaliyokwisha jengeka. Mwanafunzi akikutana na Mwana Khadija wa Pate, humwandika "Malkia Mwana Khadija". Akikutana na Mwana Mkisi wa Mombasa, humwandika "Malkia Mwana Mkisi". Akifika kwa Mwana Kupona, basi, malkia anaachwa, na lile neno Mwana halitazamwi kabisa. Linachukuliwa kuwa jina tu, kama mtu anavyoitwa Asha au Rehema. Kwa hiyo neno lile lile kwa wawili wa kwanza limepewa tafsiri lisiyoiomba, na kwa wa tatu limemezwa.

Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo ni nini, limetoka wapi, na kwa nini tukilipuuza tunausoma nusunusu utendi ambao karibu kila mmoja wetu amewahi kuufanyia mtihani. Msimamo wangu nautaja mapema, ili msomaji ajue tunakoelekea: Mwana ni cheo cha kuzaliwa. Hakitokani na kiti cha enzi wala hakitokani na mume. Tukikiita malkia tunaficha mambo mawili kwa mpigo, yaani nguvu aliyokuwa nayo mwanamke mwenye cheo hicho, na gharama ambayo watu wengine walilipa ili cheo hicho kiwepo.

Tuanze na malkia

Malkia ni neno la Kiarabu, malika, lililoingia katika Kiswahili na kukaa pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja: miliki, milki, mamlaka, hata mamluki. Mzizi wenyewe una maana ya kushika kitu kikawa chako. Malkia basi ni mwanamke anayeishika dola. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi unakuja katika matumizi. Elizabeth wa Pili wa Uingereza, aliyetawala tangu 1952 hadi 2022, tulimwita malkia kwa sababu kiti kilikuwa chake. Mwanawe Charles alipovikwa taji mwaka 2023, mkewe Camilla naye akaitwa malkia, ingawa kiti ni cha mumewe. Lakini Philip, mume wa Elizabeth, hakuna aliyemwita mfalme hata siku moja. Neno moja limebeba wanawake wawili wenye hali mbili mbalimbali, na msikilizaji haambiwi yupi ni yupi. Asiyejua atadhani mwanamke hupata enzi kwa kuolewa.

Majirani zetu wa bara walijihadhari na mchanganyiko huu. Rwanda ya kale ilikuwa na Umugabekazi, yaani mama wa mfalme, na huyo alikuwa mtawala pamoja na mwanawe. Kanjogera, mama yake Musinga, aliishika nchi kwa mkono wa chuma baada ya mapinduzi ya Rucunshu ya 1896. Buganda ina Namasole, mama wa Kabaka. Ina Lubuga, dada anayetawazwa pamoja naye. Na ina Nnabagereka, mkewe. Wote hao ukiwatafsiri kwa neno malkia, umewaua watatu ukabakiwa na mmoja asiyejulikana ni nani.

Cha kushangaza, hata Waarabu wenyewe hawakulitumia neno hili ovyo. Katika Qur'ani, Sura An-Naml, mwanamke wa Sabaa anatajwa kwa kitenzi: ndege anamwarifu Nabii Suleiman kwamba amemkuta mwanamke anayewatawala watu. Hapewi jina la cheo. Shajar al-Durr wa Misri alijiita malika wa Waislamu katika sarafu zake mwaka 1250, lakini utawala wake ulidumu kwa muda wa miezi michache tu. Kule Yemeni, Arwa wa ukoo wa Sulayhi, aliyetawala kwa miaka mingi hadi kufa kwake 1138, alijulikana kwa jina la al-Sayyida al-Hurra. Hebu tulipime jina hilo kwa mizani ya Kiswahili: sayyida ni bibi, na hurra ni mwanamke huru, asiye mtumwa wa mtu. Kwa maneno yetu, Bibi Mwungwana. Naomba msomaji aliweke neno hilo "huru" akilini. Tutalihitaji mbele.

Mwana katika habari za pwani

Sasa tuje kwetu. Mapokeo ya Mombasa yanasema kuwa kabla ya Shehe Mvita palikuwa na mwanamke aliyetawala, Mwana Mkisi, na mji wake ni Kongowea. Habari za Unguja za miaka ya 1650 zinamtaja Mwana Mwema, mtawala aliyeingia katika ugomvi na Wareno. Mapokeo ya Tumbatu yana mtawala aliyeitwa Mwana wa Mwana. Na habari za Pate, zile alizozisimulia Bwana Kitini wa ukoo wa Nabahani, zinamweka Mwana Khadija kitini katika miaka ya 1760 na mwanzo wa 1770, wakati mji umegawanyika na watu wanapigana mtaa kwa mtaa.

Lakini angalia jambo moja. Habari hizo hizo za Pate zinampa cheo hicho pia mwanamke ambaye hakutawala. Huyo ni Mwana Darini. Inasimuliwa kwamba alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando, akaomba siwa ya mji ipigwe, akanyimwa. Kunyimwa siwa si jambo dogo. Siwa ndiyo iliyokuwa sauti ya ukoo mkubwa. Asiyepigiwa siwa ni kama ameambiwa mbele ya watu kuwa si lolote si chochote. Mwana Darini hakulia wala hakwenda kubembeleza. Alimwita fundi, akaagiza ichongwe siwa nyingine. Hadi leo siwa ya pembe ya Pate inatunzwa katika Makumbusho ya Lamu, na wageni wanaipiga picha.

Kisa hiki kina faida kubwa kwa hoja yetu. Mwana Darini hakuwa na kiti. Mume wake hakuwa naye tena. Alichobakiwa nacho ni nasaba, na nasaba hiyo ilimtosha kuagiza chombo cha enzi. Kama Mwana ingekuwa na maana ya malkia, yeye asingestahili kuitwa hivyo. Kama ingekuwa na maana ya mke wa mkubwa, angekwisha kuipoteza. Aliitwa Mwana kabla ya hayo, na akabaki Mwana baada yake.

Linganisha na Fatuma wa Unguja, yule aliyehamishiwa Maskati baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698. Vitabu vyetu vya historia vinamwita Malkia Fatuma. Wareno katika barua zao waliandika rainha, Waingereza wakatafsiri kwa neno lao, nasi tukatafsiri ya Waingereza. Cheo kimepita mikono mitatu kabla hakijarudi nyumbani, na kilipofika mlangoni kilikuwa kimekwisha badili nguo.

Mtoto, mama, bibi

Mtu atauliza: inakuwaje neno lenye maana ya mtoto liwe cheo cha mtu mzima mwenye kuogopwa? Si ni kama kumwita jenerali "kijana"?

Kwamba mwana ni mtoto hakuna asiyejua. Ni neno la Kibantu cha kale; Waganda wana omwana, Wanyarwanda umwana, Washona mwana. Lakini katika lahaja za kaskazini, za Lamu, Pate na Siyu, mwana limetumika pia kwa heshima kumtaja mama, na kumtaja bibi mwenye nyumba. Kumbe neno moja linamshika mtoto, linamshika mama yake, na linamshika bibi wa mji. Wapo wanaoona kwamba hizo ni maana tatu zilizogongana kwa bahati. Mimi naona ni maana moja iliyokua.

Maana yenyewe ni hii: mwana ni mtu anayejulikana ametoka kwa nani. Katika mazungumzo yetu ya kila siku bado tunasema, "Usimtese mtoto wa watu." Hapo mtoto anaweza kuwa mwanamke wa miaka thelathini. Tunachokusudia ni kwamba ana watu nyuma yake. Ukimgusa, umewagusa wao. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mwana, tofauti ni ukubwa wa hao watu. Mwana Khadija ni mtoto wa watu ambao watu hao ni nyumba ya kifalme. Na yule wa Tumbatu, Mwana wa Mwana, jina lake linasema mara mbili: yeye anajulikana katoka kwa nani, na huyo aliyemtoa naye anajulikana.

Fikira hii si ya pwani peke yake. Wazulu wana neno umntwana, mtoto, na ndilo cheo cha watu wa nyumba ya kifalme, wake kwa waume. Mangosuthu Buthelezi, aliyefariki 2023 akiwa na miaka 95, aliitwa Umntwana hadi mwisho wa uhai wake. Hakuna Mzulu aliyecheka kwamba mzee wa miaka hiyo anaitwa mtoto. Wanajua kinachotajwa ni ukoo, umri hauhusiki.

Wapo pia wanaopenda kuliweka Mwana sambamba na Bwana: Bwana Mataka na Mwana Kupona, Bwana Mkuu na Mwana Darini. Kwa usambamba wa matumizi, sina neno. Kwa upande wa asili, hapana. Bwana mara nyingi huelezwa kuwa limetokana na Kiarabu abuna, baba yetu. Mwana halihitaji kusafirishwa kutoka popote. Limezaliwa hapa hapa, na mofimu zake tunazitumia kila siku tukisema mwanafunzi na mwananchi.

Majirani wa cheo

Vyeo, kama watu, huhama. Katika Komoro neno jumbe ni cheo cha mwanamke wa kifalme. Jumbe Fatima alitawala Mwali katika karne ya 19 hadi alipofariki 1878. Vuka bahari uje Mrima, jumbe ni mwanamume, mkubwa wa mji au wa kijiji, na wakati wa wakoloni alikuwa ndiye mkusanya kodi. Mmwali na Mmrima wakikaa baraza moja, mmoja akasema "jumbe amefika", mmoja atatazama nguo za kike na mwenzake atashika mfuko.

Unguja ya kina Seyyid Said, cheo cha mabinti wa jumba kilikuwa Bibi na Sayyida. Ndiyo maana Salme, aliyezaliwa 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani 1886, tunamjua kwa Sayyida Salme au Bibi Salme. Bibi ni neno la Kiajemi. Lilianzia jumbani, likashuka ngazi moja moja hadi likawa la nyanya anayetusimulia hadithi, na ufupisho wake, Bi, sasa uko mbele ya jina la kila mwanamke katika barua za ofisi. Lakini lilipowekwa mbele ya jina la Titi Mohamed wakati wa TANU, lilipanda tena ngazi zile zile.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Siti binti Saad. Shaaban Robert ameandika wasifu wake na tumeusoma. Binti huyu wa Fumba, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alipokwisha kuimba na mji ukamkubali, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mtukufu. Kutoka Mtumwa hadi Siti! Cheo ambacho wengine walizaliwa nacho, yeye alikichuma kwa koo lake. Ninamtaja hapa kwa sababu anatuonyesha mpaka wa Mwana ulipo. Siti mtu anaweza kupewa. Mwana mtu anazaliwa nayo, au hana.

Turudi kwa Mwana Kupona

Hapa ndipo penye kazi ya mhakiki. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa 1858. Mtunzi ni mwanamke wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na alikuwa mgonjwa. Anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Katika semina zetu kuna kambi mbili. Kambi moja inasema huu ni utendi wa kumkandamiza mwanamke, maana unamfunza amtii mume kama mja. Kambi ya pili inasema ni wasia wa mama Mwislamu, tuuheshimu. Wanapigana kweli kweli, lakini wote wamesimama kwenye uwanja mmoja: wote wanamwona msemaji kuwa mke. Uwanja huo ulilimwa zamani. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha 1934, jina la Kiingereza walilolipa toleo lao liliutaja wajibu wa mke. Ann Biersteker mwaka 1991 aliutazama upya kwa upande wa lugha na mamlaka, na kwa maoni yangu njia hiyo inatufaa zaidi.

Mtu anaweza kunipinga hapa. Atasema: katika majina mengi Mwana ni kipande cha jina tu, kama Mwanaidi na Mwanajuma. Hoja nzuri, na ina kipimo chake. Liondoe uone kinachobaki. Ukiondoa Mwana katika Mwanaidi unabaki na Idi, jina la mwanamume. Basi hapo limekwisha gandana. Ukiondoa katika Mwana Khadija unabaki na Khadija kamili. Hapo ni cheo. Kwa Kupona, kinachobaki ni kitenzi-jina, na nakubali kwamba neno limeanza kushikamana. Lakini mtazame binti: ukiondoa Mwana, Hashima anabaki mzima. Mama na binti wa nyumba ya watawala, wote Mwana. Hiyo si bahati.

Sasa usome tena utendi ukijua kwamba Mwana anasema na Mwana. Mafunzo yote yanapata sura nyingine. Dini, adabu, kauli njema, usafi, kujipamba, namna ya kukaa na mume: hayo ni malezi ya mtu atakayekaa kitako mbele ya macho ya mji mzima. Mtunzi haandiki kutoka jikoni. Anaandika kama mtu anayekabidhi mali, na mali yenyewe ni daraja. Kumtii mume ni sehemu ya mali hiyo, kwa sababu katika mji ule ndoa ya binti wa ukoo ni jambo la koo mbili, na aibu yake haifi ndani ya nyumba.

Halafu kuna ile sehemu ambayo darasani tunaipitia mbio, jicho likiwa kwenye saa. Mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila katika shughuli za kazi. Kambi ya kwanza inaikwepa kwa sababu inaharibu picha ya mwanamke aliyekandamizwa. Kambi ya pili inaikwepa kwa sababu inatia haya. Mimi nasema hapo ndipo cheo kinapojieleza chenyewe. Mwana ni mtu mwenye watu nyuma yake. Mtumwa ni mtu aliyekatwa na watu wake, ametolewa bara, jina lake limebadilishwa, hakuna wa kuuliza "huyu ni mtoto wa nani?" Al-Sayyida al-Hurra wa Yemeni aliitwa huru kwa sababu palikuwa na wasio huru. Mwana wa Pate aliitwa mtoto wa watu kwa sababu ndani ya nyumba yake mwenyewe walikuwamo wasiohesabiwa kuwa watoto wa mtu yeyote. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria 1897, karibu miaka arobaini baada ya utendi huu.

Kwa hiyo Mwana Kupona ni mtawaliwa na mtawala ndani ya ubeti mmoja. Mbele ya mume anafunza unyenyekevu. Mbele ya mtumwa anafunza umbali. Mhakiki anayemwona kama mke tu amemwona upande mmoja. Neno la kuuona upande wa pili lilikuwapo siku zote, pale mbele ya jina lake, herufi tano.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba Mwana, kama cheo, ni tamko la nasaba. Linaweza kukaa mbele ya jina la mtawala kama Mwana Khadija, la mjane mwenye siwa yake kama Mwana Darini, au la mgonjwa mwenye kalamu kama Mwana Kupona. Malkia halitoshi kwa wote hao. Napendekeza basi katika insha zetu tuandike Mwana Khadija, mtawala wa Pate, tuachane na "Malkia Mwana", ambayo ni sawa na kumvika mtu kanzu juu ya kanzu.

Neno lenyewe, kwa upande wake, limeendelea na safari. Leo kina Mwanaidi na Mwanahawa ni mabinti wa kila mtu: wa mvuvi, wa mkulima, wa dereva. Na vijana wa Dar es Salaam wakikutana kituoni wanaitana "mwana", wote wanaume, hakuna anayeuliza ukoo. Wazee wanakasirika, eti lugha imeharibika. Mimi sikasiriki sana. Neno lililowahi kuwagawa watu kati ya wenye watu na wasio na watu, sasa analipewa yeyote anayeshuka kwenye daladala. Siku zile wangapi katika Pate wangelitamani wasilipate?

Wenye hoja tofauti, uwanja ni wenu katika toleo lijalo.